Rimu Zing'ae, Rangi Ibaki: Vidokezo 11 vya Kuosha Magurudumu Bila Kuyachubua

Gari limeoshwa, bodi inawaka, vioo vinaonyesha hadi mvi zako. Kisha jicho linashuka chini, linakutana na rimu zilizofubaa, zina madoa ya kahawia na vumbi jeusi lililoganda. Mkono unawasha. Unakumbuka ile stilwaya ya kusugulia masufuria. Hebu subiri kidogo! Uchafu huchukua miaka kuiharibu rimu. Msuguaji mwenye hasira huimaliza Jumamosi moja tu. Na kazi yenyewe ni nyepesi kuliko unavyodhani.

1. Mfahamu unayemwogesha

Rimu nyingi za aloi zinazotoka kiwandani zimepigwa rangi, na juu ya rangi ikapigwa klia, lile tabaka angavu la kuilinda. Maana yake ukiosha, unaosha klia, wala chuma hukigusi. Ila zipo za alumini tupu iliyong'arishwa, za kromu, na hizi nyeusi zisizong'aa zinazopendwa na vijana. Za mtumba, ziwe zimetoka maduka ya vipuri ya Gerezani au Kirinyaga Road, nani ajuaye zimepita mikononi mwa wapiga rangi wangapi? Fanya jaribio hili: safisha kipande kidogo upande usioonekana, weka tone la polishi ya chuma kwenye kitambaa cheupe, sugua taratibu. Kitambaa kikiwa cheusi, hiyo ni alumini tupu. Kikibaki kilivyo, na rimu si ya kromu, kuna klia, na kuanzia leo kazi yako ni kuilinda hiyo klia.

2. Zipoe kwanza, una haraka ya nini?

Umetoka Posta hadi Mbezi kwenye foleni, mguu haujabanduka kwenye breki. Diski zinaunguza. Ukimwaga sabuni sasa hivi itakauka kabla haijafanya kazi na kukuachia madoa. Diski ya moto ikimwagiwa maji baridi ghafla inaweza pia kupinda, na utakuja kulijua hilo siku pedali itakapoanza kutetemeka mguuni. Sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Ukihisi joto, kanywe chai. Gari nalo liweke kivulini.

3. Magurudumu kwanza, bodi baadaye

Ukiosha bodi kwanza, uchafu wa magurudumu utarukia mlango uliokwisha kuung'arisha. Basi anzia chini. Magurudumu yapewe ndoo yao na vitambaa vyao, na vitambaa hivyo visipande kwenye bodi kamwe. Mchanga uliotoka kwenye rimu hauna urafiki na boneti.

Kabla ya kugusa chochote, mwaga maji mengi mchanga uteremke wenyewe. Kama una mashine ya presha, isimame umbali wa rula ya shule au zaidi, na usiielekeze kwa karibu kwenye ubavu wa tairi. Mpira nao unajeruhika.

4. Sabuni ya maji inatosha, kweli inatosha

Shampuu ya gari, au sabuni ya rimu ambayo lebo yake inasema pH 7, ndiyo rafiki wa kila aina ya rimu. Huna? Matone machache ya sabuni ya maji ya vyombo yatakuvusha leo, ingawa yanaweza kuondoka na nta uliyopaka. Sabuni ya unga iache kwa mashuka. Na osha gurudumu moja hadi limalizike, ulisuuze, ndipo uende la pili. Ukipaka yote manne kwa mpigo, la kwanza litakuwa limekauka kabla hujamaliza mzunguko, hasa kwa jua letu hili.

5. Lile vumbi jeusi si vumbi la barabarani

Umewahi kujiuliza kwa nini magurudumu ya mbele huchafuka kuliko ya nyuma? Breki za mbele ndizo zinazobeba kazi kubwa ya kusimamisha gari. Kila unapokanyaga, diski na pedi vinasagana, na vipande vidogo vya chuma vinaruka vikiwa vya moto na kung'ang'ania kwenye klia. Vikipata unyevu vinashika kutu, ndiyo yale madoa ya rangi ya chungwa yasiyotoka kwa sabuni. Kusugua kwa nguvu ni kuviburuta juu ya klia, upate mikwaruzo.

Dawa yake ipo madukani: ile ya kupuliza inayoyeyusha chembe za chuma. Utaijua kwa mchezo wake, maana ikikutana na chuma inageuka zambarau na kutiririka. Harufu yake ni ya mayai viza, hivyo usiifanyie kazi chini ya dirisha la jirani. Vaa glavu, soma lebo uone dakika zake na kama inafaa aina yako ya rimu, kisha suuza kabla haijakauka.

6. Mali ya jikoni irudi jikoni

Hapa ndipo rimu nyingi zinapofia. Stilwaya inachana klia na kuacha nyuzi zake, kisha nyuzi zinashika kutu, ukasema gari limerogwa. Msasa hauhitaji maelezo. Dawa ya meno nayo ina chembe za kusugulia, na rimu si jino. Dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe hushambulia kromu na alumini.

Alumini ina tabia moja ya ajabu: asidi inaila, na vitu vya upande wa pili kama magadi na kostiki soda vinaila vilevile. Angalia sufuria ya alumini iliyozoea maharage ya magadi ilivyopiga weusi ndani, ndivyo rimu tupu inavyofanywa na sabuni kali. Kwa hiyo maji ya betri, hapana. Ndimu na siki, hapana pia.

Halafu kuna yule kijana anayekuja na chupa ya soda isiyo na lebo: "Bosi, hii inatoa kila kitu!" Ndiyo, pamoja na klia. Baadhi ya dawa kali za rimu zina asidi ya hidrofloriki, ambayo hupenya ngozi na kuidhuru hadi ndani, wakati mwingine bila kuuma mara moja. Mwambie, "Asante mdogo wangu, weka hiyo mbali, tutumie sabuni," kwa ajili ya rimu zako na kwa ajili ya mikono yake.

7. Zana za bei ya chipsi kavu

Nunua brashi ya kupakia rangi yenye nywele laini. Zungushia tepu ile sehemu yake ya bati, isije ikakwaruza. Hiyo inaingia kati ya matawi ya rimu vizuri kuliko vidole vyako. Matundu ya nati yape mswaki laini uliostaafu. Na ile soksi ya pamba iliyopoteza mwenzake tangu mwaka jana? Ivae mkononi juu ya glavu, ichovye kwenye sabuni, pitisha nyuma ya kila tawi. Hatimaye imepata ajira.

8. Lami haitaki kucha

Barabara inapotengenezwa, vidoa vya lami huruka hadi kwenye rimu. Usivikwangue! Lowesha kitambaa kwa mafuta ya kupikia kidogo, kibandike juu ya doa kwa dakika chache lilainike, futa, kisha osha kwa sabuni. Mafuta yaingie kwenye kitambaa tu, yasimwagwe wala kupuliziwa kwenye rimu, kwa sababu yakifika kwenye diski umeharibu breki. Mafuta ya taa waachie wenye vibatari, maana yanadhoofisha mpira wa tairi.

9. Chungulia ndani kabla hujalipia balansi

Umerudi kutoka kijijini wakati wa masika na usukani unatetemeka ukiongeza mwendo. Kabla ya kukimbilia kwa fundi, chungulia upande wa ndani wa rimu. Tope lililoganda upande mmoja linatosha kabisa kuyumbisha gurudumu. Lilowanishe, subiri lilainike, litoe kwa maji na brashi. Ukiona vipande vidogo vya chuma vimegandishwa kwenye rimu, usivibandue. Hivyo ni vizito vya balansi, na ukivitoa utetemekaji utarudi kwa kishindo.

10. Kausha, kisha uipe koti

Maji mengi ya visima vya Pwani yana chumvi. Yakikaukia kwenye rimu huacha madoa meupe, na palipokwaruzwa na ukingo wa barabara chumvi inapenya chini ya klia na kuanza kuimenya. Hivyo usuuzaji wa mwisho uwe wa maji yasiyo na chumvi, ya bomba au ya mvua kama unayo, kisha kausha kwa kitambaa laini. Ukitoka kuegesha gari mchangani huko Kigamboni, suuza siku hiyohiyo, usingoje wikendi.

Rimu ikikauka, paka nta nyembamba, iache ikauke, ifute. Vumbi la breki litakosa pa kung'ang'ania, na safari ijayo utatumia maji na soksi tu. Wenye rimu nyeusi zisizong'aa, nta ya kawaida na polishi haziwahusu, zitawaletea mabaka yanayong'aa. Na dawa ya kung'arisha tairi ipakwe kwa sponji ubavuni, si kwenye sehemu inayokanyaga barabara, isipokuwa kama umechoka kusimama kwa wakati.

11. Kanyaga breki kabla hujajionyesha

Diski zilizolowa hushika kwa uvivu mwanzoni. Ukitoka, endesha polepole na ukanyage breki kwa upole mara kadhaa zikauke. Ukikuta asubuhi diski zina kutu ya rangi ya chungwa, usipige simu kwa fundi. Hiyo ni kutu ya juu juu tu, itafutika baada ya kufunga breki mara chache.