Mnapouza Nyumba, Mbwa na Paka Je?



Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo lisilofundishwa katika maandalizi ya ndoa, lakini huleta ugomvi: mume na mke wanauza nyumba, labda kwa ajili ya karo au kurudi mashambani baada ya kustaafu, na uani yuko mbwa, jikoni yuko paka.

Tuseme mnunuzi amekuja Jumamosi kuona nyumba Kitengela. Langoni anapokewa na mbwa anayebweka na kuruka. Mama anamwambia mumewe, "Nilikuomba umpeleke kwa ndugu yako." Baba anajibu, "Huyu amewalinda watoto wako miaka 7." Mnunuzi anawasikiliza, kisha anakwenda zake.

Hapo anayegombaniwa si mbwa. Mara nyingi mmoja wao hajakubali moyoni kuhama, na kwa kuwa anaona haya kusema wazi, anamtetea mnyama. Basi anzeni hapo, kabla ya kumwita dalali. Mama, je, unataka kuondoka? Baba, umemwuliza, au umemwarifu tu? Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema kwamba katika ndoa ya mke mmoja, mali ya ndoa haiuzwi bila idhini ya wote wawili. Sahihi hupatikana hata kwa kununiana. Lakini mtakwenda kuishi wapi na huko kununiana?

Mkishapatana, kazi ya nyumba ni nyepesi. Aliyezoea harufu haisikii tena, kwa hiyo mwombeni jirani mkweli aingie na kuwaambia. Zulia lililokojolewa na paka liondoeni, viroboto wamalizeni, mlango uliokwaruzwa upakeni rangi. Siku ya mnunuzi, mtoto mkubwa amtembeze mbwa mbali kidogo. Kumfunga nyuma ya nyumba hakusaidii, maana atabweka saa nzima. Pia ni adabu: wako wanaoogopa mbwa, na Waislamu wengi huyahesabu mate yake kuwa najisi. Hata hivyo msifiche kwamba wanyama waliishi humo. Mnunuzi anaweza kuwa na mtoto mwenye pumu, na kumdanganya ni dhambi hata kama bei ni nzuri.

Sasa, mnyama mwenyewe anakwenda wapi? Wako wanaopakia vitu kwenye lori na kumwacha mbwa langoni. Mimi nalichukia jambo hili. Katekisimu ya Kanisa, namba 2416 hadi 2418, inafundisha kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu, tunawiwa kuwatendea wema, na si haki kuwatesa bure. Hapo hapo inatukumbusha tusiwatumilie wanyama fedha zinazopaswa kuwasaidia watu wenye shida. Tobia aliposafiri na malaika Rafaeli, mbwa aliwafuata, na Maandiko hayakuona aibu kumtaja.

Mbwa aliyeachwa huzurura akikosa chanjo, na karibu watu wote wanaopata kichaa cha mbwa huambukizwa kwa kuumwa na mbwa. Kwa hiyo tafuteni mapema jamaa, au ulizeni katika Jumuiya yenu. Chanjo yake ya kila mwaka iwe imefanywa, na cheti kimfuate anakokwenda. Walio Nairobi wanaweza kuomba shauri kwa KSPCA, chama cha kulinda wanyama kilichoko Karen.

Watoto nao waambiwe kweli. Wazazi wengine humtoa mbwa usiku na asubuhi wanasema amepotea. Mtoto anazunguka mtaani wiki nzima akimwita. Afadhali alie siku moja akijua, na aende mwenyewe kumwaga huko alikopelekwa.

Paka, kama mnahama naye, mfungieni ndani ya nyumba mpya wiki 2 au 3 kabla ya kumwachilia. Kama makao mapya si mbali, asiyefungiwa huweza kurudi kwao pa zamani, na mnunuzi atawapigia simu usiku kuuliza ni nani anayelia dirishani.