Mtoto wa kiume naye aingie jikoni

Mwaka juzi mama watoto alijifungua, akalazwa siku nne. Mimi, mwenye shahada ya chuo kikuu na mwalimu wa Maarifa ya Uislamu, nikabaki nyumbani hapa Nsemulwa na watoto wawili, binti wa miaka saba na mdogo wake wa kiume wa miaka minne. Siku ya kwanza tulikula mkate na chai. Ya pili, mkate na chai. Ya tatu nikasonga ugali, ukatoka madonge matupu. Binti yangu akaniambia kwa adabu zote: "Baba, maji hayakuchemka." Yeye alikuwa akishinda jikoni na mama yake. Mdogo wake tulikuwa tukimfukuza, tena kwa amri yangu.

Ndugu msomaji, tumezoea kusema jiko ni la wanawake, na tunalisema kana kwamba ni hukumu ya sharia. Imepokewa katika Bukhari kwamba Bibi Aisha (r.a) aliulizwa Mtume (s.a.w) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake. Akajibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Halafu tujiulize, kwenye walima ni nani wanaosimama na miko mirefu juu ya masufuria ya pilau? Si sisi wanaume? Tunawapikia watu mia tatu hadharani, nyumbani hatuwezi kuinjika maharage!

Jambo jingine ni la malezi yenyewe. Umar bin Abi Salama, mtoto wa Bibi Ummu Salama (r.a) aliyelelewa nyumbani kwa Mtume (s.a.w), alifundishwa adabu za kula wakati mkono wake unazunguka ndani ya sahani: ataje jina la Allah, ale kwa mkono wa kulia, ale cha mbele yake. Mwenyewe alisimulia kwamba aliendelea kula hivyo tangu siku ile. Somo lilimkuta chakulani. Sisi walimu wa madrasa tunalisomesha ubaoni, kisha tunashangaa mtoto amelisahau kabla hajafika kwao.

Nilipoamua kumrudisha kijana wangu jikoni nilianza na karanga. Kwa watu wa Mpanda kisamvu bila karanga hakina heshima. Mpe mtoto ungo achague: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, pembeni. Kaa naye, asitie mdomoni, maana karanga nzima humkaba mtoto mdogo. Na kazi hii si ya kumpotezea muda tu. Ukungu huo huweza kuzalisha sumukuvu, sumu isiyoonekana kwa macho, haiishi kwa kupikwa, nayo hudhuru ini. Mwaka 2016 watu walifariki mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kuchagua hupunguza hatari, hakuimalizi. Lazima karanga zikaushwe vizuri na zihifadhiwe pakavu. Siku za mwanzo, nakiri, nilikuwa nazirudisha kwenye ungo zile mbaya kwa kuona hasara, nikijiambia kuwa naepuka israfu. Israfu iliyokatazwa katika Suratul A'raf (7:31) sidhani kama ni kutupa sumu.

Baada ya karanga akapewa kupima mchele: kikombe kimoja cha mchele, viwili vya maji. Hesabu aliyoshindwa kwa vidole aliipata kwa vikombe.

Moto ni habari nyingine, na hapo sina mzaha. Nimechora mstari wa chaki kuzunguka jiko la mkaa, kama hatua moja na nusu. Mdogo havuki. Dada yake, sasa ana miaka tisa, anakoroga mboga nikiwa nimesimama naye, kwa mwiko mrefu, khanga imefungwa isining'inie. Mafuta ya moto na sufuria la maji yanayochemka hagusi. Jiko linakaa nje. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu, nayo huua watu usingizini. Na mtoto akiungua, mwagia maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpeleke hospitali. Usimpake dawa ya meno, wala mafuta, wala yai.

Jirani yangu mmoja, mtu mwema tunayeswali safu moja, aliniambia namharibu kijana. Nikamuuliza siku mkewe akilazwa watoto wake watakula nini. Akasema watakwenda kwa shangazi yao. Shangazi yuko Sumbawanga.

Kijana sasa ana miaka sita. Maji bado anamwaga, na kupika naye kunachukua muda mara mbili. Juzi alikuta karanga yenye ukungu, akairusha uani, kisha akatoka mbio kumfukuza kuku aliyekuwa anaielekea.