Tuwafunze Watoto Chakula Chao Kitokako



Katika Sura ya Abasa, tangu aya ya 24 hata ya 32, Mwenyezi Mungu amemtaka binadamu akitazame chakula chake. Wala hakuonyeshwa sahani. Ameonyeshwa maji yashukayo, ardhi ipasukayo, nafaka, mizabibu, mizaituni, mitende na malisho ya wanyama. Basi kujua asili ya chakula si kazi ya mkulima peke yake. Ni jambo ambalo kila mwenye kula ameamrishwa kulizingatia.

Sasa na tujiulize: watoto wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wakikitazama chakula chao huona nini? Wengi wao huona duka, na nyuma ya duka hawaoni kitu. Mchele kwao watoka guniani, tui latoka paketini, na samaki watoka katika barafu. Hatuwalaumu, kwani mtoto hajui ila alilofunzwa.

Tuchukue mfano wa wali wa nazi na samaki, chakula kisicho mgeni katika nyumba zetu. Mchele huenda ukawa umelimwa Mwea, chini ya Mlima Kenya, katika mashamba ya kunyweshwa yaliyoanzishwa miaka ya 1950. Au umetoka Pakistan ukateremshwa Kilindini, kwa kuwa mpunga ulimwao Kenya hauwatoshi watu wake. Nazi yatoka Kilifi au Kwale, katika mnazi ambao aliyeupanda alingoja kiasi cha miaka sita au saba ndipo auone ukizaa. Na nazi yenyewe hupita kidaka, kitale, dafu na koroma, karibu mwaka mzima, kabla ya kufika kwenye mbuzi ya kukunia. Samaki naye hufuata majira. Kusi ivumapo, kiasi cha Aprili hata Septemba, bahari huchafuka na vyombo vidogo haviwezi kutoka nje ya mwamba. Ndipo samaki huadimika sokoni na bei yake kupanda. Hata chumvi ina khabari yake: huko Gongoni, kaskazini ya Malindi, maji ya bahari hutiwa mabwawani yakakaushwa kwa jua.

Katika kuyajua haya mna faida tatu.

Ya kwanza ni shukrani. Mtoto aliyejua kazi ya mkwezi na hatari ya mvuvi hatamwaga wali jaani kwa wepesi. Israfu nyingi tunazozikemea chanzo chake ni kutojua.

Ya pili ni kuitambua haki ya wengine, na hii ndiyo kubwa. Sharia yetu yenyewe huuliza chakula kimepatikana kwa maji gani. Nafaka iliyonyweshwa na mvua, mavuno yakitimia kiwango, zaka yake ni sehemu moja katika kumi. Na iliyonyweshwa kwa taabu na gharama ni sehemu moja katika ishirini. Haki hiyo huwa wajibu kwa mavuno, haingoji mwaka kutimia kama zaka ya fedha. Basi wako watu wa mjini waliorithi mashamba ya mpunga na mahindi, wasiyoyajua ila kwa fedha waletewazo. Vipi mtu atatoa haki ya mavuno asiyojua yalivunwa lini, wala yalinyweshwa kwa maji gani? Maskini hudhulumiwa hapo pasi na mtu kukusudia kumdhulumu.

Ya tatu ni busara ya maisha. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, bei ya unga wa ngano ilipanda hata huku kwetu, kwani ngano nyingi iliwayo Kenya hununuliwa nje, na nchi hizo mbili ni katika wauzaji wake. Ajuaye hayo hatashangaa mahamri yakizidi bei, na atakumbuka kuwa muhogo, viazi vitamu na mtama huota katika ardhi yetu wenyewe.

Wala mafunzo haya hayataki mali. Baba na ampeleke mwanawe, wa kiume na wa kike, soko la Kongowea, amuulize muuzaji vitunguu vimetoka wapi. Na siku nyingine ampeleke pwani asubuhi, ngalawa zirudipo. Kwa muuza nyama, na aulize mbele ya mtoto ni nani aliyechinja na wapi. Mama na apande pilipili au mchicha katika kopo bovu, mtoto aumwagilie kwa mkono wake. Bibi na aulizwe majina ya nazi kabla hajaondoka nayo. Na mwalimu wa chuoni, afikapo mlango wa zaka ya mazao, na awaonyeshe wanafunzi suke la mpunga, wasihifadhi hukumu ya kitu wasichopata kukiona.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufunza kuwa Mwislamu apandaye mti, kisha akala katika mti huo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Mtoto asiyepata kuona mti ukipandwa, mlango huu wa kheri ataujuaje? Tuanze leo, katika chakula cha usiku, kwa swali moja: hiki kimetoka wapi, na ni nani aliyekitaabikia?

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.