ARDHI YA USAMBARA NA HESABU YAKE

Yako maneno yasemwayo sana katika baraza za Tanga, Korogwe na Lushoto, kwamba watu wamezidi na ardhi imekwisha, na hiyo ndiyo sababu ya upungufu wa chakula na ya vijana kuhama kwao. Maneno haya si uwongo. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionyesha watu 2,045,205 katika Mkoa wa Tanga, na ile ya mwaka 2022 ilionyesha 2,615,597. Basi kwa miaka kumi waliongezeka watu 570,392, yaani zaidi ya robo. Walakini sisi makarani twajua kwamba jumla yaweza kuwa sahihi, na huku nusu ya daftari haikusomwa. Leo twataka kuisoma nusu hiyo kwa habari za milima ya Usambara.

Kwanza yafaa tujue jinsi Washambaa walivyoitumia nchi yao hapo kale. Wao huigawa sehemu mbili: Shambaai, ndiko mlimani kwenye mvua na baridi, na nyika, ndiko chini kwenye joto na ukavu. Vijiji vingi vilijengwa ukingoni mwa mlima, ili mtu awe na migomba yake juu, na shamba la nafaka chini. Mvua ikikosekana nyikani, mlima humlisha. Tena shamba lililochoka liliachwa liote majani mpaka nguvu zake zirudi. Tuseme mzee ana eka nane: alima mbili, na sita zapumzika. Akifa, wanawe wanne watapata eka mbili mbili, na killa mmoja azilime zote mwaka kwa mwaka, asiache hata moja ipumzike. Ardhi haikupungua hata hatua moja, lakini kupumzika kumekwisha, na udongo huanza kushuka na mvua.

Mpaka hapa ni hesabu ya watoto tu. Lakini wako na wengine waliorithi bila kuzaliwa katika nyumba ile. Mwaka 1893 Mdachi mmoja, Dr. Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka miche hiyo michache yakatokea mashamba makubwa ya Pangani, Muheza na Korogwe, na reli iliyofika Mombo mwaka 1905 ikayafungulia njia ya kwenda bandarini Tanga. Huko juu walowezi walipewa ardhi yao, na misitu mingi ikawekewa mipaka ikawa mali ya Serikali. Mwaka 1907 huko Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, killa mwanamume alipewa kipande kilichomlazimu kumfanyia kazi Mzungu siku 30 katika killa miezi minne. Basi Mshambaa alipungukiwa na nyika, akapungukiwa na msitu, kisha akapungukiwa na siku zake mwenyewe.

Habari ya misitu isihukumiwe kwa haraka, maana mtu wa Tanga mjini anywaye maji ya mto Zigi anakunywa mvua iliyohifadhiwa na misitu ya Usambara ya Mashariki. Msitu ule ukifyekwa wote, mjini wataona kiu. Lakini yafaa isemwe wazi kwamba mwenye kunywa yuko mbali, na aliyeambiwa asilime yuko pale pale.

Sasa tufike katika habari ya matuta, ambayo wazee wa Mlalo waliikumbuka kwa uchungu. Mwaka 1946 Serikali ya Kiingereza ilianzisha Mlalo mpango wa kuponya udongo. Wakulima waliamriwa kufanya matuta ya kukingama na mteremko, yaliyounganishwa kwa vijituta vidogo ili maji yasipate njia ya kukimbia. Na miteremko mikali isilimwe kabisa. Baadaye mpango ukaenea sehemu nyingine za Usambara, na asiyefanya alishitakiwa, akatozwa faini. Kwa ufundi wa udongo haukuwa upuuzi. Tuta huzuia maji, hilo halina shaka. Hata hivyo watu waliukataa, wanawake kwa wanaume, na kabla miaka ya 1950 haijaisha ukaachwa.

Maofisa wengine walisema hao ni wajinga wapendao ukale. Mimi nasema walikuwa wakijua hesabu kuliko walioipanga. Shamba la mahindi la mlimani kwa desturi ni kazi ya mwanamke. Mumewe huenda yuko kazini tambarare, au yuko mjini. Matuta yakaongeza siku nyingi za jembe juu ya mtu yule yule ambaye tayari alikuwa akichota maji, akitafuta kuni, na kulea. Aliyekuwa na shamba la bondeni lenye mfereji, au kahawa, hakuguswa sana. Mzigo ulimwangukia maskini wa mteremkoni.

Tena liko jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko la kwanza. Wengi wa maskini hawakuwa na shamba la kuwatosha, waliazima kwa jirani au ndugu, msimu kwa msimu. Atiaye kazi kubwa katika ardhi hupata neno juu yake. Mwenye shamba akiona tuta la mgeni huona dai, na mwaka ujao hamwazimi. Basi sheria iliyotungwa kwa kuponya udongo ilitishia kuwanyima ardhi wale waliokuwa na haja nayo zaidi. Wako pia walioogopa kwamba shamba likitengenezwa vizuri litachukuliwa na walowezi. Na kwa mambo waliyokwisha kuyaona, nani awalaumu?

Hata huko tambarare ardhi ilifuata bei, haikufuata vinywa. Mwaka 1964 nchi ilitoa tani 230,000 hivi za mkonge. Kisha kamba za nailoni zikashusha bei, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na mwisho wa miaka ya 1980 mavuno hayakufika robo ya yale ya kwanza. Mashamba mengine yakawa pori, na vijiji vilivyopakana nayo vikiomba mahali pa kulima.

Katika miaka ya 1980 ulikuja Lushoto mpango mwingine, uliosaidiwa na Wajerumani, ukitumia mistari ya majani ya guatemala pamoja na miti. Huu ulipata wafuasi kwa hiari, kwa sababu majani yale huzuia udongo na ng'ombe hula, na samadi hurudi shambani. Faida huonekana kwa maziwa, wala haingoji wajukuu. Lakini aliyeazima shamba hana ng'ombe, na akiomba kupanda mti mwenye shamba humkatalia, kwa kuwa mti ni kama hati.