SOMO LA ROBO HII: KIZUIZI KWENYE UKINGO WA KORONGO

Andiko la kusoma: Kumbukumbu la Torati 22:8



Kwaya moja ya vijana katika dayosisi yetu imealikwa kuimba Naivasha, nchini Kenya. Imeomba pia siku moja ya kutembelea Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, iliyoanzishwa mwaka 1984. Ombi hilo ni jema. Hii ni mojawapo ya hifadhi chache ambako mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli huku pundamilia na twiga wakilisha jirani.

Lakini katika bajeti tuliyoletewa, malipo ya mwongoza watalii yalikuwa yamefutwa ili kupunguza gharama. Tunakiri kwamba ofisi yetu iliipitisha bila kuuliza. Mzee mmoja wa kanisa ndiye aliyetuuliza: "Je, mnajua yaliyowapata vijana wa kanisa pale?" Tukaona aibu, tukaanza kujifunza.

Njia ilivyo

Kutoka lango la Elsa, njia hupita kati ya majabali marefu na nguzo ya mwamba iitwayo Fischer's Tower, hadi korongo la Ol Njorowa. Anayebaki juu hutazama korongo akiwa ukingoni. Anayeshuka hukuta kuta zimekaribiana sana, na maji ya moto yakichuruzika kutoka mwambani, maana eneo hilo ni la volkano.

Hatari iliyojificha

Siku nyingi chini ya korongo huwa na maji kidogo tu. Mvua ikinyesha mbali, maji ya vilima hukusanyika na kuingia humo kwa ghafla. Aliye chini huenda asione hata wingu, na kuta hazimpi mahali pa kukimbilia. Aprili 2012, vijana saba wa kikundi cha kanisa kutoka Nairobi walifariki humo kwa mafuriko. Septemba 2019, watu wengine saba walifariki, akiwemo mwongoza watalii. Tuzingatie kwamba Septemba si mwezi wa masika wala wa vuli. Tena, mwongozaji peke yake hatoshi.

Tunajifunza nini?

Sheria ya Musa ilimtaka mwenye nyumba mpya aweke kizuizi kuzunguka paa, asije mtu akaanguka na nyumba ikawa na hatia ya damu. Kizuizi hujengwa kabla mtu hajaanguka. Kwa hiyo tumekubaliana:

1. Malipo ya mwongozaji anayelijua eneo na sanduku la huduma ya kwanza hayatafutwa katika bajeti yoyote ya safari.

2. Asubuhi ya safari, kiongozi atawauliza askari wa hifadhi langoni ni sehemu zipi zimefunguliwa, na kama mvua imenyesha vilimani.

3. Kukiwa na dalili ya mvua, popote pale, hakuna atakayeshuka. Tutatembea juu, mbali na ukingo.

4. Orodha ya majina itaachwa kwa mtu asiyeshuka, pamoja na saa ya kurudi.

5. Kiongozi akisema turudi, tunarudi, hata kama kiingilio kimeshalipwa.

Kwa wafadhili wetu: mkiona gharama ya mwongozaji katika maombi yetu, msiione kuwa anasa. Hicho ndicho kizuizi cha paa letu. Na msipoiona, tuulizeni.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika safari iliyopita ya usharika wenu, nani alikuwa na mamlaka ya kusema "turudi"?

2. Ni kizuizi gani mlichokiondoa ili kupunguza gharama?

3. Mzazi akiuliza mtoto wake yuko wapi saa tisa alasiri, nani atamjibu?

Kwaya itasafiri, na bajeti imerekebishwa. Tuwaombee waende salama, warudi wote.