Ngege Hula Maji Yakipata Joto

Mfugaji wa samaki Birongo anaweza kununua chakula bora mwaka mzima na bado akavuna ngege wadogo. Mara nyingi kinachomrudisha nyuma ni baridi ya maji.

Ngege hukua vyema maji yakiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30. Chini ya nyuzi 20 hula kidogo. Birongo iko kwenye nyanda za juu, hivyo maji yake hayapati joto kama ya Ziwa Victoria, hasa mwezi Juni hadi Agosti. Chakula kisipoliwa huoza na kupunguza hewa majini. Alfajiri samaki huonekana wakihema juu ya maji, na wengine hufa.

Jua linaporejea Septemba, mfugaji azingatie haya:

1. Afunge mfereji. Vidimbwi vingi vimechimbwa bondeni karibu na chemchemi au kijito. Maji yanayopita usiku na mchana huleta baridi na kuondoa rutuba. Yaongezwe tu kufidia yaliyopungua.

2. Aondoe kivuli. Mikaratusi na nepia ndefu kando ya kidimbwi huzuia jua.

3. Alishe maji yakiwa yamepata joto: saa nne asubuhi na saa kumi jioni, mahali pale pale. Chakula kikibaki juu ya maji baada ya dakika 20, kipimo kimezidi.

4. Apime kwa mkono. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, rutuba inatosha. Kikipotea mapema, asitie samadi. Kikionekana hata baada ya kiwiko, aongeze samadi iliyooza.

Kwa mfano, kidimbwi cha mita mraba 300, kipimo kilichotumika katika mpango wa serikali wa kufufua uchumi wa 2009, hubeba ngege 1,000 hivi. Wakiwa na gramu 50 kila mmoja, jumla ni kilo 50. Asilimia 3 ya uzito huo ni kilo moja na nusu ya chakula kwa siku wakati wa joto. Siku za baridi, nusu yake yatosha, na nusu inayobaki ni pesa mfukoni.

Kwa ushauri zaidi, wakazi wamwone afisa wa uvuvi aliye karibu nao au wafike kituo cha utafiti cha KMFRI kilichoko Kegati.