Kuomba Nafasi Yako Uwanjani: Somo kwa Wakaazi Wenye Ulemavu na Waandaaji wa Shughuli za Umma

Tarehe 12 Januari 2025 Uwanja wa Gombani ulibeba kilele cha sherehe za miaka 61 ya Mapinduzi, na siku iliyofuata, katika uwanja huo huo, Zanzibar iliifunga Burkina Faso mabao 2-1 na kutwaa Kombe la Mapinduzi. Katika mechi kama ile, bao linapoingia, jukwaa zima husimama. Mtu aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu nyuma ya safu hiyo huona migongo tu. Amefika, amepita getini, hakuna aliyemfukuza, na bado bao hakuliona.

Somo la toleo hili linahusu mtu huyo, pamoja na kiziwi aliyekaa saa mbili katika mkutano wa wananchi asielewe hata neno moja, na asiyeona aliyepewa karatasi ya ratiba.

Mambo mawili hufanana, lakini sheria huyatenganisha. La kwanza ni ufikikaji: jengo, uwanja na tangazo viandaliwe tangu mwanzo ili watu wote wavitumie, bila ya kungoja mtu mwenye ulemavu aombe. La pili ni marekebisho yanayostahili kwa mtu mmoja mahsusi, na haya huanza pale anapoyahitaji au kuyaomba. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unayaeleza yote mawili, na Ibara yake ya 30 inataja waziwazi haki ya kushiriki katika utamaduni, burudani na michezo. Kwa mujibu wa Mkataba huo, kumnyima mtu marekebisho yanayostahili ni ubaguzi. Zanzibar haikuanzia hapo. Sheria yake Namba 9 ya mwaka 2006 ilikwishazungumzia haki za watu wenye ulemavu, na hivi sasa ipo Sheria Namba 8 ya mwaka 2022.

Kwa hiyo mwandaaji anayesema, "Hawaji, ndiyo maana hatukuweka njia," ameligeuza jambo juu chini. Mara nyingi hawaji kwa sababu njia haipo.

Hapa inafaa tulitazame kwa utulivu jambo ambalo sisi Wapemba tunalifanya kwa moyo mwema kabisa: kumbeba mtu. Ngazi zikiwa kikwazo, vijana wanne hujitokeza, wakamwinua mzee pamoja na kiti chake na kumfikisha juu. Huo ni ukarimu, na hakuna anayeudharau. Lakini fikiri kinachofuata. Mvua ikinyesha, hawezi kuondoka mpaka awaite. Akitaka kwenda chooni, lazima atangaze haja yake mbele ya watu. Mwanamke huguswa na wanaume asiowajua. Vijana wenyewe wakishaingia kwenye shamrashamra, hawaonekani tena. Wengi waliobebwa mara moja huchagua kubaki nyumbani mara ya pili, na jirani hudhani wamechoka tu. Basi msaada wa kubeba uwe wa dharura, usiwe mpango wa shughuli.

Na njia ya mteremko nayo ina hesabu yake. Kipimo kinachotumika sana ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kupanda. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja zinafanya kimo cha sentimita 45, na kimo hicho kinataka njia ya mita 5 na sentimita 40. Ubao mfupi ulioegemezwa mlangoni dakika za mwisho ni hatari. Kiti hurudi nyuma pamoja na aliyekaa juu yake.

Sasa namna ya kuomba. Eleza kikwazo, si ugonjwa. Huna haja ya kusimulia historia yako ya hospitali ili upatiwe nafasi ya kukaa. Inatosha mwandaaji ajue unachoshindwa kukifikia na kitakachokuwezesha. Andika mapema, ikiwezekana wiki mbili kabla, kwani wakalimani wa lugha ya alama ni wachache na huhitaji kupangiwa. Barua inaweza kuwa fupi kama hii:

"Mimi ni mkaazi wa shehia hii na natumia kiti cha magurudumu. Nakusudia kuhudhuria mkutano wa wananchi uliotangazwa kufanyika ukumbini. Mlango wa mbele una ngazi tatu. Naomba mkutano uhamishiwe ukumbi wa chini, au iwekwe njia ya mteremko iliyo imara. Naomba pia nafasi pembeni mwa safu ya mbele, pamoja na kiti cha mwenzangu. Tafadhali nijibiwe kwa maandishi siku saba kabla ya mkutano."

Tazama kwamba mwombaji ametoa njia mbili. Hilo humsaidia mwandaaji kuchagua, na humfunga asiseme tu kuwa haiwezekani. Peleka barua kwa anayeandaa shughuli, mpe sheha nakala, na nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Ombi la mdomo nalo ni ombi, ila husahaulika kwa wepesi mno.

Kiziwi aombe mkalimani, na kwa mkutano mrefu aombe wawili, maana mmoja akifasiri mfululizo huchoka na maneno huanza kumponyoka. Hupokezana kila baada ya dakika 20 au 30. Mkalimani asimame karibu na msemaji, usoni mwake pawe na mwanga, jua lisiwe mgongoni kwake. Asiyeona aombe ratiba isomwe kwa sauti au atumiwe kabla kwa simu. Mwenye ualbino aombe kivuli. Nafasi ya mbele isiyo na paa, hata iwe ya heshima, kwake ni adhabu.

Je, ombi linaweza kukataliwa? Linaweza, iwapo marekebisho yatamwelemea mwandaaji kupita uwezo wake, na ni juu yake kueleza kwa nini. Kutenga nafasi mbili za mbele, kuhamisha mkutano kutoka ghorofani au kuwaomba watazamaji wasisimame mbele ya eneo fulani hakuwezi kuitwa mzigo wa aina hiyo. Na hata pale linapokuwa zito, kazi yao haijaisha: wakae na mwombaji watafute lililo jepesi zaidi. Usipojibiwa, mwendee diwani wako, au jumuiya za watu wenye ulemavu zilizo chini ya shirikisho lao, SHIJUWAZA, au Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu.

Waandaaji nao wana neno lao, na tunalianza na tangazo. Gari la kipaza sauti halimfikii kiziwi. Bango la ukutani halimfikii asiyeona. Tumieni vyote viwili, na ujumbe wa simu, na kila tangazo liwe na mstari unaosema mwenye haja mahsusi awasiliane na nani na kabla ya siku gani. Mkitayarisha viwanja vya Tibirinzi kwa sikukuu, pitieni njia yote kwa miguu tangu anaposhukia mtu garini hadi chooni, mkihesabu kila ngazi, kila mtaro na kila kamba iliyofungwa usawa wa shingo. Choo ndicho husahauliwa mara nyingi zaidi.

Asiyeweza kuandika aende kwa sheha au kwa mwalimu wa skuli ya karibu, atamke haja yake, aandikiwe, kisha asomewe barua nzima kabla hajatia dole gumba.